Kizunguzungu cha Sikio: Vidonge Ni vya Siku Chache Tu

Uko darasani, mara ubao na madawati vinaanza kukuzunguka. Unatapika, kusimama huwezi. Wenzako wanasema eti malaria, wengine mapepo. Kumbe huenda ni sikio!

Sikio? Kivipi?

Ndani kabisa ya kila sikio kuna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji husogea na ubongo hupata habari. Sehemu hiyo ikiugua upande mmoja, mara nyingi kutokana na virusi, masikio mawili hupeleka habari zinazopingana. Ubongo unadhani unazunguka, kumbe umekaa tuli. Daktari Prosper Ménière wa Paris alieleza mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha namna hii hutoka sikioni, siyo kwenye ubongo.

Dawa zinafanya nini?

Daktari anaweza kukupa prokloperazini, sinarizini au promethazini. Haziponyi sikio, zinatuliza kizunguzungu na kutapika. Kwa kawaida ni za siku chache tu. Kwa nini? Ubongo hujizoesha wenyewe, na ukiendelea kumeza vidonge unauchelewesha. Siku mbaya zikipita, anza kutembea taratibu.

Je, kizunguzungu kinarudi mara kwa mara, sikio linavuma na husikii vizuri? Huenda ni ugonjwa wa Ménière. Huo una dawa yake, betahistini, na hutumika kwa muda mrefu zaidi. Kama kinakuja kwa sekunde chache tu ukijigeuza kitandani, vidonge siyo tiba. Mtaalamu hukigeuza kichwa chako kwa mpangilio maalumu.

Chunga haya!

• Dawa hizi huleta usingizi. Usiendeshe baiskeli, na usichanganye na pombe.
• Prokloperazini inaweza kumfanya kijana apinde shingo na macho yatazame juu bila kutaka. Siyo mapepo! Mpelekeni hospitali haraka. Ipo sindano ya kuondoa hali hiyo.
• Mwambie daktari kama unatumia kwinini au unachomwa sindano za jentamaisini. Zinaweza kudhuru sikio.
• Ukiishiwa nguvu upande mmoja, ukishindwa kuongea vizuri, ukiumwa kichwa vikali au ukiacha kusikia ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo rafiki, usikimbilie duka la dawa kununua vidonge alivyotumia jirani. Nenda kwanza ukapimwe, ujue kinachokuzungusha ni nini.