Mwani, Chumvi na Ngozi ya Mkulima wa Mpunga

Kutoka Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, hadi ufuo wa Bahari ya Hindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Umbali huo hauzuii bidhaa za bahari kusafiri. Mche wa sabuni ya mwani huingia katika mkoba wa mtu aliyetoka Unguja, na unga wa mwani huagizwa kwa simu. Kinachosafiri pamoja na bidhaa hizo ni madai: kwamba zinaponya fangasi, ukurutu, mapunye, hata mabaka yaliyokaa mwilini kwa miaka. Mhudumu wa zahanati huulizwa habari hizi na mgonjwa aliyekwisha kununua, na hapaswi kumcheka wala kumkubalia yote.

Mwani wenyewe ni zao la kuheshimika. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Wakulima walio wengi ni wanawake. Maji yanapokupwa huingia ufuoni, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti, na baada ya wiki zipatazo 6 huvuna na kuanika. Kwa miaka mingi mwani mkavu umeuzwa nje kwa bei ndogo, na aina yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, imekuwa ikifa kadiri maji ya pwani yanavyozidi joto. Ndiyo sababu vikundi vya akina mama vilijifunza kuusaga na kutengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi na kostiki soda, wakitia harufu ya karafuu au mchaichai. Anayeinunua sabuni hiyo anawaongezea wakulima hao kipato, na hilo ni jambo jema hata kabla ya kuuliza inafanya nini mwilini.

Ndani ya mwani huu mwekundu mna ute unaoitwa karajinani. Ute huo hunasa maji na kuyashikilia, na kwa sababu hiyo viwanda huutumia kuipa dawa ya meno uzito ili isitiririke. Ukipakwa juu ya ngozi hufanya utando mwembamba unaochelewesha maji kukauka. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ya juu juu kwa maana halisi ya neno: ute haupenyi hadi kwenye tabaka za chini ambako maradhi mengi ya ngozi yana mizizi. Isitoshe, sabuni huoshwa. Sehemu kubwa ya ulaini unaosikika baada ya kuoga kwa sabuni ya mwani hutokana na gliserini na mafuta ya nazi yaliyobaki ndani ya mche. Na sabuni yoyote ya kostiki soda, hata ikiwa na mwani, huondoa sehemu ya mafuta asilia ya ngozi. Kwa hiyo anayeioga bado anahitaji kujipaka mafuta.

Hapa ndipo mkulima wa Mwamkulu na mkulima wa Paje wanapokutana, ingawa mmoja anasimama katika maji ya bahari na mwingine katika maji ya jaruba. Ngozi iliyolowa kwa saa nyingi huvimba, hulainika na kupoteza mafuta yanayozibana seli zake. Ikikauka ghafla juani hupasuka. Visigino hufanya magaga, viganja huwa vikavu, na baina ya vidole vya miguu ngozi huwa nyeupe, huchunika na kuwasha, kwa kuwa fangasi hupenda mahali penye unyevu pasipopata hewa. Mwenye magaga na ukavu atanufaika na mwani, akitumia njia sahihi: aoge kwa maji yasiyo ya moto sana, ajifute kwa kugusagusa bila kusugua, kisha ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya mgando ya dukani hufanya kazi hiyo vizuri sana na kwa bei nafuu, na hakuna sababu ya mkulima kujinyima chumvi na sukari ili anunue kopo la krimu ya mwani.

Mwenye fangasi baina ya vidole yuko katika hali nyingine. Huyo anahitaji kukausha vidole kila atokapo shambani na kupaka dawa ya fangasi, kama krimu ya klotrimazoli, kwa wiki 4 hata kama muwasho umeisha mapema. Na anayepata upele unaowasha muda mfupi baada ya kutoka majini aulizwe habari za kichocho, kwa sababu vimelea vyake huingia mwilini kwa kutoboa ngozi iliyo ndani ya maji. Kuosha miguu kwa sabuni baadaye, iwe ya mwani au ya kawaida, hakuwarudishi nje.

Chumvi ina sifa zake. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35, karibu mara nne ya kiasi kinachopatana na maji ya mwili, ambacho ni gramu 9. Maji makali kiasi hicho huvuta unyevu kutoka kwenye ngozi na kuwasha kidonda. Anayetaka kusafisha kidonda kidogo nyumbani achemshe maji, ayapoze, kisha ayeyushe kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Si lazima chumvi hiyo itoke baharini. Wenyeji wa magharibi ya Tanzania wana chumvi ya Uvinza, katika mkoa jirani wa Kigoma, ambako imekuwa ikichemshwa kutoka chemchemi za maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa ngozi haina upungufu wowote. Sifa zinazosikika kuhusu chumvi inayosaidia wagonjwa wa ngozi ni za Bahari ya Chumvi, ziwa lililo kati ya Yordani na Israeli, ambalo maji yake yana magnesi nyingi. Hazihusu kila chumvi iliyoandikwa "ya bahari". Jambo jingine, la jikoni: chumvi ya bahari isiyoongezwa madini joto haitoshi kukinga dhidi ya tezi la shingo. Ya kuogea ibaki bafuni.

Kuhusu nywele, ute wa mwani uliochemshwa na kuchujwa ni mzuri kwa nywele za kipilipili, ambazo hukauka upesi kwa kuwa mafuta ya kichwani hayafiki kwa urahisi kwenye ncha zilizojikunja. Huzifanya zichanike bila kukatika. Lakini haziziotesha, kwani unywele uliokwisha toka kichwani hauna uhai wa kulishwa. Ute uliotengenezwa nyumbani utupwe baada ya siku chache, maana huota vijidudu. Nywele zinazonyofoka pembezoni mwa paji la uso hudai misuko iliyolegezwa kabla ya kudai dawa. Na mtoto mwenye mapunye asisuguliwe chochote cha baharini: fangasi wamo ndani ya shina la unywele, na hutolewa kwa dawa ya kumeza kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8.

Watu wenye ualbino nao wamekwisha kuambiwa kwamba mafuta ya asili huzuia jua. Hayazuii kwa kiwango kinachowafaa. Kinga yao ni kofia pana, mikono mirefu na losheni maalumu ya jua, kama ile inayotengenezwa Moshi, KCMC, kwa ajili yao. Kadhalika sabuni ya "mwani" inayong'arisha uso kwa wiki moja ishukiwe. Mwani haung'arishi. Kinachong'arisha haraka hivyo ni zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, yaani mkorogo uliovishwa jina la bahari.

Yote hayo yana madhara yanayorekebishika kwa kiasi kikubwa. Kuna moja lisilorekebishika: baka la rangi iliyofifia au nyekundu, lisilowasha wala kuuma, ambalo mgonjwa amelipaka sabuni, chumvi na mafuta kwa miezi kwa kuwa halimsumbui. Mhudumu amwambie mgonjwa afumbe macho, amguse taratibu kwa uzi wa pamba juu ya baka na kando yake, na amwombe aoneshe kwa kidole kila anapoguswa. Asipohisi juu ya baka, ukoma ushukiwe siku hiyo hiyo. Mishipa ya fahamu ikifa, mkono hukunjamana na mguu huungua pasipo mwenyewe kujua, na dawa haziwezi kuifufua. Matibabu hutolewa bila malipo, huchukua miezi 6 au 12 kulingana na idadi ya mabaka na hali ya mishipa, na watu wa nyumbani kwa mgonjwa nao huchunguzwa.