Tuilinde Miguu ya Kuku Wetu

Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mvua hugeuza ua wa nyumba kuwa tope, na ndipo kuku huanza kuchechemea. Wengi hudhani amejikwaa tu. Yafaa ageuzwe, unyayo utazamwe: uvimbe wenye kigaga cheusi katikati ni jipu. Bakteria, hasa aina ya stafilokokasi, huingia kwa mchubuko mdogo, kisha usaha huganda ndani na kuwa mgumu. Kuku mwenye maumivu hayo hula kidogo, na mayai hupungua.

Mara nyingi chanzo ni kichanja cha kulalia. Kikiwa juu mno, kuku hurukia mawe, na jogoo mzito ndiye aumiaye zaidi. Kisizidi nusu mita, na fito zake zilainishwe zisiwe na vibanzi. Maranda yaliyolowa yaondolewe siku ile ile. Majani mabichi nayo yasikosekane, kwani upungufu wa vitamini A hudhoofisha ngozi.

Kutumbua kwa wembe, desturi ya wengi, hakufai: kiini hubaki ndani, na mtumbuaji mwenye kidonda mkononi aweza kuambukizwa. Kuku atengwe pakavu, mguu uoshwe kwa maji vuguvugu yenye chumvi, na bwana mifugo aarifiwe kabla uvimbe haujafika kwenye kifundo.