Nyumba mpya ya kwanza: patana bei kabla ya kutuma pesa ya kushikilia

Ukienda Gikomba hulipi bei ya kwanza unayotajiwa. Shati la mia nne unaondoka nalo kwa mia mbili hamsini, na wewe na muuzaji mnaagana mkicheka. Lakini mtu huyo huyo akiingia ofisi ya mauzo ya nyumba, akakaribishwa kwa chai na kuonyeshwa mfano wa jengo ndani ya kioo, anaona milioni 6.5 kwenye brosha na kuuliza swali moja tu: “Nalipa wapi?”

Sisi ni watu wa malipo, kwa hivyo tungependa ujue jambo hili mapema. Kwenye ununuzi wa nyumba mpya, nguvu yako kubwa iko kabla ya kubonyeza Tuma. Pesa ya kushikilia nyumba, labda 50,000 au 100,000, huwa rahisi kutuma kwa simu ukiwa umekaa pale pale ofisini, na fomu nyingi husema kwamba hairudishwi. Ukishaituma, anayekuuzia anajua huondoki. Kila unachoomba baada ya hapo unakiomba kama hisani.

Kwanza jua unabishania bei gani

Bei ya kwenye brosha si bei ya nyumba. Tuchukue mfano wa fleti ya vyumba viwili vya kulala kule Syokimau, inayouzwa 6,500,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 260,000. Wakili wako, tuseme 120,000. Kampuni nyingine humtaka mnunuzi alipe pia wakili wa kampuni, weka 65,000. Kuunganishiwa umeme na maji, 40,000. Ada ya huduma ya miezi mitatu, ile ya askari, usafi na lifti, kwa 6,000 kila mwezi, ni 18,000. Halafu unaambiwa nafasi ya kuegesha gari inauzwa kando, 300,000.

Jumlisha: 7,303,000. Zimeongezeka 803,000 na bado hujanunua pazia. Isipokuwa huo ushuru wa asilimia 4, takwimu hizi ni za mfano tu. Zako zitakuwa tofauti. Mwombe muuzaji akuandikie zote kwenye karatasi moja, kila kitu mpaka siku ya kupokea funguo. Akisita kuiandika karatasi hiyo, umejifunza jambo tayari.

Sasa zitazame upya. Ushuru wa stempu ni wa serikali, na wakili wako ni wako. Lakini wakili wa kampuni, umeme na maji, ada ya huduma na nafasi ya gari, jumla 423,000, vyote viko mikononi mwa anayekuuzia. Hiyo ni zaidi ya asilimia 6 ya bei, na bei yenyewe hujaigusa.

Kwa nini bei ya brosha ni ngumu kusogea

Kampuni iliyouza fleti thelathini kwa milioni 6.5 haitaki ya thelathini na moja ijulikane iliuzwa milioni 6. Waliotangulia watapiga simu kulalamika, na wathamini wataandika thamani ya chini kwa zilizobaki. Ndiyo maana kijana wa mauzo anakwambia kwa uso mkavu, “Bei ni ya kampuni, siwezi kuigusa.” Mara nyingi hadanganyi. Mjibu hivi: “Sawa, bei ibaki hapo. Basi wakili wenu, mita na parking ziingie ndani ya hiyo bei.” Kwa ombi kama hilo anaweza kumpigia bosi wake simu bila aibu.

Hata hivyo, wakikupa uchague kati ya punguzo la bei na zawadi ya thamani sawa, chukua punguzo. Bei ikishuka kwa 300,000, ushuru wa stempu nao unashuka kwa 12,000, na kama unakopa, unapunguza deni litakalolipiwa riba miaka mingi. Jokofu la bure halifanyi hivyo.

Na ukiambiwa “tuandike bei ya chini kwenye mkataba ili ushuru upungue, zingine utupe kando”, kataa. Serikali ina mthamini wake anayeangalia thamani kabla ya ushuru kulipwa, kuandika bei ya uongo ni kosa, na siku mambo yakiharibika, pesa ulizotoa kando hazimo kwenye karatasi yoyote.

Nenda saa mbili usiku

Ofisi ya mauzo itakwambia fleti zimebaki nne tu na bei inapanda Ijumaa. Huenda ni kweli. Kama jengo limekamilika, pita hapo saa mbili usiku uhesabu madirisha yenye taa. Jengo lililokwisha mwaka jana na nusu yake ni giza lina mwenye haraka, naye si wewe: mkopo wa ujenzi unaendelea kula riba, na askari na lifti za fleti tupu lazima mtu azilipie. Hapo hata bei ya brosha inaweza kusikia.

Ongea na wapangaji pia. Ukijua fleti kama hiyo inapangishwa 35,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni 420,000, kama asilimia 6.5 ya bei, kabla ya kutoa ada na matengenezo. Kisha uliza kama kuna mtu aliyenunua mapema na sasa anauza. Bei anayotaka huyo, kwenye jengo lile lile, ni ushahidi mzito kuliko brosha yoyote, na unaweza kuutaja mezani.

Kama benki au Sacco ndiyo itakayokukopesha, kuna silaha nyingine ambayo wengi hawaitumii. Mkopeshaji hutuma mthamini. Akisema nyumba ni ya milioni 6 na wewe unauziwa 6.5, mkopo utapigwa kwa hiyo milioni 6 na tofauti utaijaza mwenyewe. Rudi na taarifa hiyo ofisini. Ni vigumu kubishana na karatasi ya mthamini.

Mkiwa wawili, sauti moja

Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huwa ni mke na mume, au ndugu wawili wanaochanga. Kubalianeni nyumbani kiwango cha juu kabisa mtakacholipa kwa jumla, si kwa bei ya brosha, na mchague nani ataongea. Mmoja akishasema “Wee! Jikoni hii nimeipenda” mbele ya muuzaji, mwenzake hana tena la kubishana. Jikoni lisifieni kwenye matatu mkirudi.

Ombi zuri lina sababu na tarehe. “Tupunguzieni kidogo” si ombi. Linganisha na hili: “Benki imetuidhinishia mkopo, barua ni hii. Tuna asilimia 30 taslimu. Tukielewana kwa milioni 6.2, wakili wenu mkimlipa nyinyi, tunatia sahihi ndani ya siku 14.” Halafu nyamaza. Kimya kinauma, lakini usikivunje wewe. Wakikataa, acha nambari yako ya simu uende. Mwisho wa mwezi au wa mwaka, ofisi ikihesabu mauzo, unaweza kupigiwa.

Jambo hili halihusu nyumba za mpango wa serikali zinazouzwa kupitia Boma Yangu. Kule bei imepangwa, hakuna kupatana, na mnunuzi wa nyumba ya kwanza chini ya mpango huo husamehewa ushuru wa stempu.

Nyumba iliyo bado kwenye ramani

Hapa ndipo watu hupoteza akiba ya miaka. Ukinunua nyumba ambayo bado ni shimo na mabati ya kuzungushia, bei huwa ya chini, na unaahidiwa punguzo zaidi ukilipa zote mara moja. Tuseme asilimia 5: kwa milioni 6.5 ni 325,000. Inavutia. Lakini ukilipa zote leo, kesho huna cha kumkumbusha fundi. Ujenzi ukisimama ghorofa ya tatu, wewe ndiwe uliyemkopesha mjenzi bila riba wala dhamana.

Kwa maoni yetu, kwenye nyumba ya ramani usibishanie bei kwanza. Bishania ratiba ya malipo. Omba malipo yafuate ujenzi, si kalenda: sehemu msingi ukikamilika, sehemu ghorofa yako ikimwagwa zege, sehemu paa likifungwa, na kipande cha maana kibaki mpaka ukague nyumba na kasoro zirekebishwe. Nenda na fundi unayemwamini siku ya ukaguzi. Bomba linalovuja hurekebishwa haraka zaidi pesa zikiwa bado kwako. Omba pia tarehe ya kukabidhiwa iandikwe, pamoja na kiasi watakachokulipa kwa kila mwezi wa kuchelewa. Ukiendelea kulipa kodi ya 25,000 mahali unapoishi, miezi sita ya kuchelewa ni 150,000 kutoka mfukoni mwako.

Kuna masharti mengine mawili ya kubishania. La kwanza, amana irudishwe benki ikikataa mkopo au mthamini akitoa thamani ya chini. La pili, hatimiliki. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inawezesha kila fleti kuwa na hatimiliki yake. Uliza yako itatoka lini, na jibu liingie kwenye mkataba.

Tunarudia neno mkataba kwa sababu. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, makubaliano ya kuuziana ardhi au nyumba hayashikiliwi mahakamani mpaka yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa. “Usijali, parking tutakupa” ya kijana wa mauzo, hata ikiwa kwenye WhatsApp, si kitu cha kuegemea. Kila ulichoshinda mezani kiingie kwenye mkataba kabla ya sahihi.

Ajira wakili wako mwenyewe, si yule wa kampuni “atakayewasimamia wote”. Atafanya upekuzi wa ardhi kupitia Ardhisasa au ofisi ya ardhi ya kaunti, aone mwenye kiwanja ni nani na kama benki imekishikilia. Mradi nao unapaswa kuwa umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Broka naye, kwa sheria, anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba. Mwombe nambari yake bila kuona haya.

Sasa unaweza kutuma

Mkishaelewana na kutia sahihi, lipa kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba pekee. Usitume kwa nambari ya kibinafsi ya broka au ya mfanyakazi wa mauzo, hata akisema Paybill ina shida leo. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Lilingane na la kampuni au la ofisi ya mawakili iliyo kwenye mkataba. Jina likikosea hata kidogo, acha, upige simu ya ofisi.

Tangu 2023, kiwango cha juu cha muamala mmoja wa pesa kwa simu ni 250,000, na 500,000 kwa siku. Amana ya asilimia 10 kwenye mfano wetu ni 650,000, kwa hivyo haitamalizika siku moja. Usikubali mtu akuharakishe uigawe kwa laini za jamaa zako watatu, kwa sababu risiti zitatoka kwa majina ya watu ambao hawamo kwenye mkataba. Lipa kwa siku mbili kupitia laini yako mwenyewe, au tumia benki. Kuanzia milioni moja benki itatuma kwa RTGS.

Kwenye sehemu ya nambari ya akaunti, andika nambari ya fleti yako, kwa mfano B14, usiandike “nyumba”. Dai risiti ya kampuni kwa kila malipo, kwani ujumbe wa simu unaonyesha kwamba pesa zimetoka, hauelezi zilikuwa za nini. Usiufute hata hivyo, na kila mwezi pakua taarifa ya akaunti yako uitume kwa wakili aiweke kwenye faili.