Una Mbwa na Unatafuta Nyumba Nakuru? Uliza Haya Kabla ya Kulipa

Umepata nyumba Section 58, kodi ni pamoja na maji na stima, na keateka anasema mbwa hana shida. Poa, lakini usitume pesa bado.

Muulize mwenye nyumba "pamoja" ni pamoja na nini. Mara nyingi ni maji na taka tu. Stima ina mita yake na tokeni unajinunulia. Na mfereji ukikauka, lori la maji analipa nani? Ukiwa na mbwa wa kuosha, hilo si swali dogo.

Neno la keateka pia halitoshi. Akibadilishwa mwezi ujao, utaambiwa uchague mbwa au nyumba, na dipoziti umeshalipa. Mbwa aandikwe kwenye mkataba, na aina yake, maana kuna wanaosema "mnyama mdogo" wakifikiria paka. Hakuna mkataba? Mwenye nyumba akutumie hata SMS. Ukimwonyesha cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, mazungumzo huwa rahisi.

Sasa lipa, kwa paybill ya ploti, namba ya nyumba ikiwa ndiyo akaunti. Ukipewa namba ya simu, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Si la mwenye nyumba? Mpigie kwanza. Na ule ujumbe wa malipo usiufute, hata simu ikijaa.