Etudi za Chopin na Embaire ya Nakibembe (3)

Juma lililopita tulimwacha Chopin mjini Paris mwaka 1833, etudi zake 12 za piano za Opus 10 zimechapishwa na kutunukiwa mpiga piano mwenzake, Liszt. Leo ilikuwa zamu ya Liszt. Lakini mabishano kuhusu tamasha la muziki la Nyege Nyege la Jinja, Uganda, yamezuka tena, na kama mwaka 2022, Spika wa Bunge alipotaka lisifanyike na serikali ikaliruhusu kwa masharti, kila mtu anazungumzia maadili. Muziki hauna anayeuulizia.

Niuulizie mimi. Lebo ya waandaaji wa tamasha hilo ndiyo iliyotoa, mwaka 2023, albamu ya kundi la embaire la kijiji cha Nakibembe, Busoga. Embaire ni marimba makubwa: huchimbwa shimo, vigogo vya migomba vikalazwa kandokando, na juu yake zikapangwa mbao ndefu ili shimo livumishe sauti. Wapigaji huketi pande mbili wakitazamana. Mmoja huanza, mwenzake huzipachika noti zake katikati ya zile za kwanza, wengine hufuata.

Linganisha na piano: etudi ya kwanza ya Opus 10, kwa kasi aliyoiandika Chopin mwenyewe, huudai mkono wa kulia noti karibu 12 kwa sekunde. Mpiga piano huifikia kasi hiyo kwa miaka ya kujitesa peke yake. Wasoga huipata kasi yao kwa kugawana, na anayetaka kuonekana zaidi ya wenzake huharibu wimbo mzima. Vijana wetu, wanaofundishwa kuwania kipaza sauti, wangejifunza adabu zaidi hapo kuliko katika hotuba za Bungeni.

Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik wa Austria, aliyefundishwa amadinda, marimba ya Waganda, na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, alieleza mwaka 1962 jinsi, katika muziki huu wa kupachika noti, sikio linavyokusanya noti za juu kwa juu na za chini kwa chini, likasikia nyimbo zisizopigwa na mkono wowote. Mtunzi Ligeti, aliyeanza kuandika etudi zake za piano mwaka 1985, alikiri deni lake kwa Chopin na kwa midundo ya Afrika.

Kudhibiti ulevi tamashani ni kazi ya polisi. Ninyi walimu wa muziki wa Jinja na Mbale, chimbeni shimo uwanjani mwa shule na mwiteni fundi wa embaire kabla ya kununua kinanda kingine cha umeme.