Bakuli la Miti Mitatu

Kikula ni mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, katika Haut-Katanga. Komini nyingine ni Likasi, Panda na Shituru. Mji huu unajulikana kwa shaba yake, lakini mbao nazo zina mafundi wake. Maseremala hutengeneza milango, vitanda, meza na viti. Kazi ikiisha, chini ya meza ya seremala hubaki vipande vifupi, na vingi huishia motoni. Lakini fundi mwenye subira huweza kuvikusanya na kutengeneza bakuli la pambo lenye rangi tatu. Hivi ndivyo kazi hiyo inavyofanyika.

Zamani Waluba walichonga bakuli kwa tezo kutoka katika gogo moja. Ni kazi nzuri sana, lakini yataka gogo nene, na sehemu kubwa ya gogo hugeuka kuwa vibanzi. Bakuli la vipande halitaki gogo. Lataka vipande vyenye urefu wa kidole, vipimo vya kweli, na kerezo. Kerezo ni mashine ya kuzungusha mti. Seremala anapopiga randa, mti hutulia na chombo huenda. Katika kerezo ni kinyume: mti huzunguka, na patasi ya fundi hutulia. Kazi hiyo huitwa kukereza. Mafundi wa pwani wameijua tangu zamani, nao walikereza miguu ya vitanda.

Kwanza fundi huchagua miti. Mti wa kwanza ni mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga. Rangi yake ni kahawia kama asali. Gome lake likikatwa hutoka utomvu mwekundu kama damu. Sifa yake kubwa ni hii: ukiisha kukauka, hausinyai wala hauvimbi sana. Mti wa pili ni mukula, ndugu ya mulombwa. Moyo wake ni mwekundu, na unga wake ulitumiwa zamani kama rangi. Mti wa tatu ni mjakaranda. Huo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, nao hupandwa mijini kwa ajili ya maua yake ya zambarau. Mbao zake ni nyeupe, tena ni laini kukata. Hivyo fundi anapata rangi ya asali, rangi nyekundu na rangi nyeupe, bila kununua rangi yoyote.

Je, vipande vyafaa kuunganishwa mara moja? Hapana. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi ndani. Maji yakitoka, mti husinyaa. Tena husinyaa katika upana, wala si katika urefu. Katika Katanga mvua hunyesha tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili, kisha hewa huwa kavu sana. Bakuli lililotengenezwa kwa mti mbichi wakati wa mvua laweza kupasuka mwezi wa Julai. Likiwa na kipande kimoja kibichi na kingine kikavu, hatari ni kubwa zaidi, maana kimoja kitavuta na kingine kitakataa.

Kwa hiyo fundi hupanga vipande kivulini, akiacha nafasi ili hewa ipite katikati. Kila juma hupima uzito wa vipande vichache na kuandika. Uzito ukipungua, maji bado yanatoka. Uzito ukikaa vilevile majuma kadhaa, mti umekauka.

Halafu fundi huchora bakuli kwenye karatasi, kwa ukubwa wake wa kweli. Bakuli hili lina kitako na pete tatu, na kila moja ina unene wa sentimita 2 na nusu. Basi kimo chake ni sentimita 10. Pete ya juu ina upana wa sentimita 24, ya katikati 21, ya chini 18, na kitako 14. Kitako ni cha mulombwa. Pete ya chini na ya juu ni za mulombwa pia. Pete ya katikati ina vipande sita vya mukula na sita vya mjakaranda, kimoja chekundu, kimoja cheupe, mpaka mwisho. Rangi zikitawanywa kila mahali, macho hayapati pa kupumzika. Ukanda mmoja watosha.

Sasa inakuja hesabu. Duara zima lina digrii 360. Pete ina vipande 12, basi kila kipande kina digrii 30. Kipande kina ncha mbili, basi kila ncha hukatwa kwa mshazari wa digrii 15. Ili kujua urefu wa kipande upande wa nje, fundi huzidisha upana wa pete kwa 0,27. Kwa pete ya sentimita 24 hupata karibu sentimita 6 na nusu. Upana wa kila kipande, toka nje hadi ndani, ni sentimita 4.

Hapa ndipo fundi wa kweli hutambulikana. Tuseme msumeno umekosea kwa nusu digrii tu. Nani ataliona kosa hilo katika ncha moja? Hakuna. Lakini pete ina ncha 24. Nusu digrii mara 24 ni digrii 12, na pengo la digrii 12 linakaribia nusu ya kipande kizima! Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Makosa madogo nayo hujaza kibaba chao.

Basi kabla ya kupaka gundi, fundi hupanga vipande vikavu na kuvifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kisha huinua pete na kuitazama penye mwanga. Mwanga ukipita katika maungio, kazi irudiwe. Gundi haizibi kosa. Hulificha tu mpaka siku bakuli litakapopasuka. Wengi huunganisha kwanza nusu mbili za pete, hunyosha ncha za kila nusu, ndipo huzikutanisha.

Gundi ikikauka, pete husawazishwa na kuwekwa moja juu ya nyingine. Maungio ya pete hii yasiangukie maungio ya pete ile, kama vile mwashi anavyopanga matofali. Kitako ni ubao mmoja, kwa hiyo chaweza kusinyaa katika upana wake, hali pete iliyo juu yake haisinyai hivyo. Ndiyo sababu kitako ni kidogo, tena ni cha mulombwa, mti mtulivu.

Sasa bakuli hufungwa katika kerezo. Fundi huvaa miwani na kufunika pua, kwa maana vumbi la mukula huwasha. Huanza polepole, akisimama kando, si mbele ya bakuli. Kwa patasi yenye ncha ya mviringo hukata kwanza nje, halafu ndani, mpaka ukuta ubaki milimita 8. Mwishoni hutumia msasa. Hapo aangalie: vumbi jekundu la mukula huingia katika matundu ya mjakaranda na kuuchafua. Alipulize mara kwa mara. Kisha hupaka nta ya nyuki na kusugua kwa kitambaa. Mafuta ya mawese hayafai, kwa sababu hayakauki. Bakuli lisiwekwe juani, maana wekundu wa mukula hugeuka kahawia.

Kwa nini taabu yote hii kwa vipande vya kutupa? Katika miaka ya 2010 malori mengi yalibeba magogo ya mukula kutoka Haut-Katanga kupitia Zambia, ili yapelekwe China. Miti mingi iliangushwa kwa muda mfupi. Mwaka 2019, mataifa yaliyokutana Geneva yaliuweka mukula katika orodha ya miti isiyouzwa nchi za nje bila kibali. Mwaka 2022, huko Panama, mulombwa nao uliingizwa. Miti hii hukua polepole. Atakayepanda mukula leo hatakata mbao zake kesho, labda wajukuu wake.

Basi kipande cha sentimita 6 kinachotupwa motoni kilichukua miaka mingi kukua. Motoni kinadumu dakika chache. Kikikaushwa vema, kikipimwa kwa haki na kuunganishwa na wenzake, kitakaa mezani pa watu muda mrefu.

Maswali

1. Kwa nini vipande vyote viwe vikavu sawasawa?
2. Pete ikiwa na vipande 8, kila ncha itakatwa kwa digrii ngapi?
3. Msumeno ukikosea digrii moja kila ncha, pengo la pete ya vipande 12 litakuwa digrii ngapi?
4. Kwa nini kitako hufanywa kwa mulombwa?
5. Taja miti mitatu inayomea karibu na kwenu, na rangi ya mbao zake.