Kindu: Umenunua pikipiki iliyotumika? Usiamini mng'aro wake

Mjini Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, pikipiki ndiyo teksi, ndiyo gari la mizigo, na mara nyingi ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali. Vijana wengi wanaoingia katika kazi hiyo hawanunui mpya. Wananunua ile iliyokwisha kupigwa na barabara ya Kasongo au ya Kalima chini ya mtu mwingine. Ikifa mwezi wa kwanza, akiba ya nyumba nzima imekwenda nayo.

Mwandishi wa habari hii aliwahi kununua moja ya namna hiyo. Muuzaji alikuwa ameiosha hadi ikang'aa. Wiki ya tatu injini ilikwama njiani, na fundi alipoifungua, mafuta yaliyobaki ndani hayakujaza kikombe, meusi kama lami. Sikuwa nimeyapima hata siku moja.

Kwa hiyo ukifika nayo nyumbani, mwaga mafuta yote ya injini, hata muuzaji akiapa kwamba aliyabadilisha juzi. Pikipiki nyingi za hapa, za 125 hadi 150 cc, zinabeba karibu lita moja tu, na lita hiyo ndiyo inayolainisha injini, vitesi na ambreyaji kwa pamoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanatia mafuta ya gari. Baadhi ya mafuta hayo yana dawa ya kupunguza msuguano, na ambreyaji ikiogelea humo inaanza kuteleza. Injini inalia, lakini pikipiki haipandi mlima. Tafuta chupa ya mafuta ya pikipiki, yenye alama JASO MA. Anayefanya teksi katika joto na vumbi asisubiri zifike kilomita zote zilizoandikwa kwenye kitabu. Na kupima ni kazi ya kila asubuhi, injini ikiwa baridi, pikipiki imesimama wima.

Halafu tazama moshi. Wa bluu unasema injini inakula mafuta yake yenyewe, na hapo matengenezo yatakuwa ghali. Mweusi unasema inakunywa esansi kupita kiasi, na mara nyingi kisa ni filta ya hewa iliyozibwa na vumbi. Ya sponji huoshwa kwa petroli ya taa, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta kidogo. Ya karatasi haioshwi. Inapigwa upepo, ikichoka inabadilishwa. Ukitoa buji, rangi ya kahawia ni habari njema, masizi meusi si habari njema.

Cheni ikaguliwe katikati, kwa kidole: icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Iliyokazwa sana inakula meno na rulimani. Iliyolegea inaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma mkiwa wawili juu yake. Breki na matairi, hapo kila mtu ana macho.

Jambo la esansi linastahili subira. Hadi ifike katika chupa za wale tunaowaita kadhafi, imepita pipa hadi bidoni, bidoni hadi chupa, na katika majira ya mvua maji hayakosi njia. Mimina kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie: maji yatakaa chini. Kama pikipiki inakohoa baada ya kujaza tanki, fungua skrubu ya chini ya kabureta, uchafu utoke, kabla ya kumlipa fundi kufungua injini.

Anayekaa Alunguli ana kazi moja zaidi. Kabla ya kuvuka Lualaba kwa mtumbwi, afunge robine ya esansi, kwa sababu pikipiki ikilazwa ubavu kabureta inafurika. Akifika ng'ambo ya Kasuku, aiache isimame wima dakika chache, ndipo apige kiki.